Sarafu za Tari la Uledi

Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo
14 Juni 2025

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Nasreen,

Salaam nyingi kutoka kwa bibi yako. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Barazani petu sasa wamepanga vijana wauza kava za simu, na muziki wao unaanza kabla ya chai. Kodi wanalipa, kwa hiyo nimejifunza kuupenda.

Mama yako ananiambia nikutumie sauti kwenye simu. Nimemjibu kwamba neno la kupita linatumwa kwa simu, neno la kukaa linaandikwa. Basi mimi naandika kwa mkono wangu, na Chiku wa stesheneri anaipiga picha barua na kukutumia huko Tunis. Nimemkataza kusoma, na najua anasoma. Chiku, hujambo.

Sasa jambo lenyewe. Unalijua tari la babangu Uledi, lile lenye sarafu za tundu pembeni, ambalo ulilia ukiwa mtoto nikakukatalia kulichezea. Sarafu zile baba alirudi nazo kutoka Vita Vikuu vya Pili, vitani kwenu huko, alikokuwa akipakua meli za Waingereza pamoja na vijana wenziwe wa Tanganyika. Alizivisha kwenye tari kwa mkono wake, na kila Mfungo Sita limelia hapa nyumbani kwenye Maulidi. Alipofariki nikalishika mimi.

Majuzi tulikuwa msibani Gerezani. Wazee wamekaa mkekani wanakumbushana watu wa zamani, jina la baba likatajwa, kila mtu akamsifia uaminifu wake. Augustino, yule mwuza spea, alikuwa kwenye kiti pembeni. Marehemu babake, Mzee Beno, alikuwa kikosi kimoja na baba. Hakupandisha sauti, wala hakuonekana amekusudia. Akasema, "Mzee Uledi nilimheshimu. Lakini zile hela za kwenye tari alizitoa kwenye kaburi la walii. Babangu alimwona kwa macho yake."

Nasreen, hapo nilisikia mwendokasi ukipita kule barabarani.

Kesho yake Ustadh Ramadhan wa msikitini kwetu akaja. Ni kijana mwenye adabu, sikumwona kosa. Alisema kama habari ni ya kweli basi zile ni amana ya wenyewe, na tari lisipigwe mpaka ijulikane. Nikamwambia sawa, na moyoni nikamwambia maneno mengine.

Wewe uko kwenye nchi yenyewe na unasomea vyuma vya kale. Baba alikuwa akiutaja mji, Sfaksi. Nenda ukaniulizie kabla ya Mfungo Sita. Jibu likiwa baya, nitazirudisha sarafu kwa wenyewe na tari nitalitundika, lisilie tena katika nyumba hii. Likiwa jema, nataka nilisome mbele ya watu walewale wa mkekani.

Ni mimi bibi yako,
Tatu binti Uledi


Tunis
22 Juni 2025

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama ngazini, nikaisoma tena nimekaa. Chiku naye aliongeza alama ya moyo mwishoni, kwa hiyo umeshajua kama anasoma.

Sarafu zile nazikumbuka: upande mmoja umeandikwa Kiarabu, jina la Bey, mtawala wa huku enzi za Wafaransa, na mwaka 1338. Nakusomea upande wa pili: umeandikwa Kifaransa, santimu ishirini na tano, mwaka 1920. Ni mwaka uleule, umehesabiwa na watu wawili, mmoja kwa Hijria na mwingine kwa Miladi. Tunazo sarafu kama hizo kwenye droo hapa tunapojifunzia, na mitaani wazee wanaziuza kwenye makopo pamoja na vifungo na funguo zisizo na makufuli.

Mwalimu wetu alituambia zilipigwa chapa Paris, kisha zikaletwa huku kwa meli. Nilikaa nazo mkononi nikawaza. Bey jina lake liko kwenye kila sarafu, na sarafu yenyewe hana uwezo wa kuipiga. Ni kama mwenye nyumba wa Kariakoo ambaye jina lake liko kwenye hati, lakini funguo zote anazo mpangaji. Watu walinunua mkate na zeituni kwa hela ya namna hiyo miaka na miaka. Halafu Wafaransa wakaondoka, ikaja dinari, na zile zikawa vyuma tu. Sijui mama mwenye akiba yake kibindoni alijisikiaje siku ile. Labda kama ninyi senti zenu zenye jina la mfalme zilipofutwa. Sikuwahi kukuuliza.

Sfaksi nitakwenda, kuna treni. Lakini kabla sijaenda nataka maneno kamili ya Mzee Beno, yasiwe ya mkekani. Bibi, najua hupendi, ila mpelekee Babu Augustino anwani yangu aniandikie mwenyewe. Na kama kuna sarafu moja iliyolegea, nitumie. Yule nesi wa hapo mtaani, Jovitha, si anakuja kwenye mafunzo mwezi ujao? Kuishika ni tofauti na kuiona kwenye picha.

Usiache kula kwa ajili ya Augustino. Nakujua.

Mjukuu wako,
Nasreen


Gerezani
6 Julai 2025

Binti yangu Nasreen,

Habari za masomo na za ugenini. Mimi ni Augustino mwana wa Beno, nina duka la spea za pikipiki hapa nyuma ya reli. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinisalimia ukipita kwenda madrasa. Bibi yako ameniletea anwani yako kwa mkono wa Chiku, wala hakuongeza neno. Nimestahili.

Nianze na kusema kwamba ulimi ulinipeleka. Lile nilikuwa nimelificha tangu baba afariki, na msibani likanitoka kama chafya. Lakini sikulitunga. Nakuandikia alivyonisimulia.

Baba alilelewa misheni ya Ndanda. Alikuwa mtumishi wa altare, na kwenye misa kazi yake ilikuwa kupitisha kikapu cha sadaka. Mapadri waliwafundisha hivi: mkono unaingia kikapuni na kitu na unatoka mtupu. Mkono unaotoka na kitu ni wa mwizi, na anayemwibia Mungu hana wa kumwombea. Baba alikuwa na imani hiyo mpaka kufa kwake.

Vitani yeye na Mzee Uledi walikuwa kama kiatu na soli. Walilala hema moja. Mzee Uledi ndiye aliyembeba siku alipoangukiwa na kreti bandarini. Ijumaa moja Uledi akaingia kuswali kwenye nyumba moja ya walii katika mji ule, na baba akabaki mlangoni kwa sababu si dini yake. Kutoka pale aliona kaburi limefunikwa kitambaa cha kijani, na chini yake bakuli kubwa la watu kutia sadaka. Akamwona Uledi amepiga magoti, mkono ukazama bakulini, na ukatoka umejaa sarafu. Alitoka nje anacheka, akampa baba moja. Baba akasema, "Sitaki." Hakusema kwa nini, na Uledi hakuuliza.

Walirudi Dar wote wawili, wakaishi mitaa miwili mbali, na baba hakukanyaga kwake hata siku moja. Akimwona anakuja, anavuka barabara. Mzee Uledi alikuwa akisimama anamtazama. Mimi nilikuwa mtoto, nimemshika baba mkono, na yale macho nayakumbuka.

Sasa na mimi nina shida yangu, binti. Kama baba alikosea, basi alimkimbia rafiki yake maisha mazima bure. Na kama hakukosea, nimemvunjia bibi yako jina la babake mbele ya watu. Sijui niombe jibu lipi. Wewe lete lililo kweli.

Mzee wako,
Augustino Beno


Kariakoo
13 Julai 2025

Nasreen,

Barua hii na sarafu iliyomo anakuletea Jovitha. Nimeifunga ndani ya kitambaa, na kitambaa nimekitia kwenye kopo la karanga, kwa hiyo msile mkamaliza bila kuangalia.

Sarafu hii ililegea ikadondoka yenyewe. Hizo nyingine ziko salama mahali pake.

Hapa mvua zimekwisha na Jangwani pamekauka, watu wa mpira wamerudi na kelele zao. Ustadh amenisalimia kwa heshima. Sina la ziada. Magoti yaleyale.

Bibi yako


Tunis
29 Julai 2025

Bibi,

Shikamoo. Karanga tumekula, sarafu nimeipata. Kwanza nikupe habari za Sfaksi, halafu nikuulize kitu.

Nilikwenda wiki iliyopita. Joto la huku halina unyevu kama la kwetu, linakukausha ulimi. Zawiya, yaani ile nyumba ya walii, nimeipata ndani ya mji mkongwe, nyuma ya wauza viungo, mlango mdogo wa buluu. Nyumba za mawalii ni nyingi pale, lakini hii ndiyo iliyo karibu na bandari, na wazee wanakumbuka kwamba askari walikuwa wakiingia. Mlango ulikuwa na kufuli. Mwanamke anayeitunza, Bi Mabruka, amekwenda kwa binti yake na atarudi katikati ya Agosti. Nikamwuliza mwuza pilipili wa mlango wa pili kuhusu bakuli. Akacheka. Akasema zamani za vita bakuli lile liliibwa mara nyingi, na askari wa kigeni ndio waliokuwa na mikono mirefu.

Sikutaka kukuandikia hilo. Nililala nalo siku kadhaa. Lakini uliniomba niulize, hukuniomba nikufurahishe.

Na sasa swali langu. Bibi, sarafu hii haikudondoka. Pembeni mwa tundu kuna mikwaruzo mipya ya koleo, na kipande cha waya wa shaba kilichobaki kimekatwa, hakikuchakaa. Hiyo ndiyo kazi ninayofundishwa kila siku: kujua kilichoharibiwa na miaka na kilichoharibiwa na mtu. Ukikata waya ule sehemu moja, sarafu zote zinalegea. Niambie ukweli, tari liko wapi? Na kwa nini ulikimbilia koleo kabla hata sijafika Sfaksi? Wewe si mtu wa kumwamini Augustino kwa usiku mmoja. Kuna kitu unakijua hujakisema.

Sijakasirika. Naogopa tu.

Nasreen


Kariakoo
5 Agosti 2025

Mjukuu wangu,

Chiku leo nimemtoa nje ya duka, nikapiga picha mwenyewe. Kama zimepinda, utainamisha kichwa.

Umesema kweli. Nimezikata zote, ziko ndani ya bakuli la maua kabatini. Tari liko uvunguni, limebaki ngozi na mbao. Nililishika nikalitikisa, halikusema kitu, nikaona aibu kama niliyemvua mzee nguo.

Nakueleza kwa nini. Kila mwaka, kabla ya Maulidi kuanza, baba alikuwa akikaa peke yake na tari mapajani. Anashika sarafu moja, ananong'ona, anashika ya pili, ananong'ona. Sisi watoto tulidhani ni uradi. Siku moja nilijificha nyuma ya pazia nikasikia. Hakuwa akisoma uradi. Alikuwa akitaja majina ya watu. Zakayo. Mbaruku. Rogath. Elibariki. Na wengine, kila sarafu na jina lake, Wakristo kwa Waislamu. Nilipomwuliza ni akina nani, alisema, "Ni wenye vitu vyao." Kisha akanifukuza nikachote maji.

Nimeishi na jibu hilo bila kulijali. Baada ya maneno ya Augustino likanirudia usiku na mchana. Wenye vitu vyao. Nikamwuliza mzee mmoja wa Gerezani aliyewahi kuyasikia majina ya kikosi kile, akanambia Zakayo na Rogath hawakurudi, walizikwa hukohuko. Nikaona si bakuli la walii peke yake. Nikaona babangu akipapasa mifuko ya maiti wenziwe, halafu anatuletea sisi tucheze na kumsifu Mtume kwa vyuma hivyo. Ndiyo maana nilishika koleo. Ningekwambia nini? Mtoto hamvui babake nguo, hata kwa barua.

Kuna moja tu lisiloingia akilini mwangu. Jina la mwisho, lililo kwenye sarafu ya pale kidole gumba kinapokaa, alilitaja polepole kuliko mengine yote. Lilikuwa Beno. Na Beno alikuwa hai, anatengeneza baiskeli Gerezani, anavuka barabara akimwona. Huwezi kumwibia maiti aliye hai.

Sarafu hiyo ya kidole gumba ndiyo niliyoikata kwanza. Ndiyo niliyokutumia.

Rudi kule. Lolote utakaloambiwa, liandike lilivyo. Nimeshalia, sina machozi mengi yaliyobaki ya kuogopea.

Tatu


Sfaksi
20 Agosti 2025

Bibi yangu Tatu, na Babu Augustino,

Shikamooni. Barua hii nawaandikia wote wawili, na namwomba Chiku aitoe nakala mbili. Chiku, hii isome, hata kwa sauti.

Bi Mabruka amerudi. Ni mwanamke mfupi, mkali, amenikalisha chini kwenye zulia akanilisha tende kabla ya kuniruhusu kuuliza lolote. Kiarabu changu cha chuoni na Kifaransa changu cha kuokoteza vilitosha, kwa sababu alikuwa akirudia mpaka nielewe. Nyumba hii iliachwa na bibi yake kwa mama yake, na mama yake kwake.

Nilimwuliza nani ana haki ya kutoa hela bakulini. Akanishangaa. Akasema, "Kila msafiri." Hapa desturi yao ni hiyo. Anayekwenda mbali anatia sarafu yake na kutoa ya nyumba. Yake inabaki kumsubiri, ya nyumba inakwenda naye imrudishe salama kwao. Haijalishi ipi ina thamani kubwa. Mabaharia walitia za Italia na za Misri, na kwa kuwa hazikununua kitu sokoni, bibi yake alizitenga kwenye mtungi. Wezi walikuwepo, kama alivyosema yule wa pilipili, lakini waliotia na kutoa hawakuwa wezi.

Nikamwonyesha sarafu yetu na nikamweleza Babu Uledi. Akaingia chumba cha nyuma, akarudi na mtungi. Akaukung'uta kwenye zulia. Katikati ya vyuma vingine ilitoka kamba ya mkonge imetungwa sarafu za shaba nyekundu zenye tundu, pembe mbili za ndovu zimelizunguka. Senti tano zetu, Bibi. Jina la mfalme wa Kiingereza na maneno East Africa. Nilianza kuzihesabu nikaacha, maana alikuwa ameshaanza kusimulia.

Hadithi yake aliipata kwa mama yake. Anasema askari alikuwa Msenegali. Kwao hapa kila askari mweusi wa zamani ni Msenegali, na nilimsahihisha bila mafanikio. Anasema yule askari aliswali vizuri, akatia kamba nzima ya hela za kwao. Bibi mwenye nyumba akamwuliza mbona nyingi, msafiri ni mmoja. Akajibu kwa vidole na kwa maneno machache ya Kiarabu ya Qur'ani: hii yangu, hizi za wenzangu. Wamo wasiojua kuomba kwa namna yenu, akasema, basi mimi nawaombea njia. Bibi akamruhusu achote moja kwa kila mmoja. Na mlangoni, anasema Bi Mabruka, alisimama rafiki yake mmoja ambaye hakuingia. Mama yake alikuwa mtoto, alimkumbuka kwa sababu alimpa yule mtu maji naye akapokea kwa mikono miwili.

Bibi, hakupapasa mfuko wa mtu. Kila sarafu aliichukua kwa ajili ya rafiki yake ili arudi nyumbani. Waliokufa hawakuhitaji tena, akawawekea. Ndiyo wenye vitu vyao.

Na Babu Augustino, babako hakusema uongo. Mkono ulizama na ukatoka umejaa, aliona sawasawa. Kilichokuwa kimeingia kabla hakukiona, na alikotoka yeye kikapu kina njia moja tu. Aliikataa ile sarafu, lakini Mzee Uledi hakuirudisha. Aliiweka pale kidole gumba kinapokaa, na kila mwaka akalitaja jina la babako akiwa hai, mpaka yeye mwenyewe alipokufa.

Sarafu niliyokuja nayo ndiyo hiyo ya Mzee Beno. Nilimweleza Bi Mabruka kwamba msafiri wa sarafu hii alifika kwao zamani, na sasa tunaweza kuirudisha. Akasema basi na yake imesubiri vya kutosha. Nikatia ya kwao bakulini. Yeye akapambana na fundo la kamba kwa vidole, akalimaliza kwa meno, akanipa senti tano moja. Jovitha anarudi Dar kesho kutwa, nami kesho nampelekea Tunis aitie kwenye mkoba. Haina kitambaa wala karanga. Amkabidhi Babu Augustino mkononi.

Mjukuu wenu,
Nasreen


Kariakoo
7 Septemba 2025

Mke mwenzangu,

Maulidi yamepita salama. Biriani ilibaki, na ukiwa huku ungeniambia nimepika kwa ajili ya kikosi.

Barua yako niliisomea mkekani, Gerezani, mbele ya walewale. Nilipanga kuisoma kwa sauti ya ushindi, nilikuwa nimeifanyia mazoezi. Nikaishia kuisoma kwa sauti ndogo mpaka wa nyuma wakasogea. Ustadh Ramadhan alinyanyuka akaomba radhi, ingawa hakuwa na kosa, kisha akaomba dua kwa wote, na majina akataka ayatajiwe.

Augustino aliondoka kabla ya kahawa. Nikadhani amekasirika, kumbe alikwenda kukaa kwenye kaburi la babake mpaka jioni, binti yake ndiye aliyeniambia. Kesho yake alikuja, akasimama nje barazani kati ya vijana wa kava za simu, hakupita mlango. Akasema, "Dada Tatu, nipe hilo tari. Waya wa shaba ninao dukani, na koleo pia."

Nikampa tari na bakuli la sarafu. Alizivisha zote kwa mkono wake, akifuata alama zilizobaki kwenye mbao. Kwenye pengo la kidole gumba akaweka senti tano. Ni kubwa kidogo kuliko za kwao, inatokeza. Alitaka kuipiga tupa ilingane, nikamkataza. Ikae ilivyo.

Siku ya Maulidi alifika na mkewe, ameshika kofia. Wanawake wangu wamekwisha kaa, matari yako tayari, ubani umejaa chumbani. Akasimama kizingitini kama alivyosimama babake, anatazama ndani. Sikumwita. Hilo si jambo la kuitwa. Akainama, akavua viatu, akaingia, akakaa karibu na mlango.

Nikaliweka tari mapajani. Safari hii sikunong'ona. Nikashika ya kwanza, nikasema Zakayo, nikashika ya pili, nikasema Mbaruku. Rogath. Elibariki. Hata barazani muziki ulikuwa umezimwa, na sikumwagiza mtu. Nilipofika kwenye senti tano kidole kikaijua kabla yangu, maana inatokeza.

Nikasema, "Beno."

Augustino akaitika, "Naam."

Ndipo nikalipiga.

Ni mimi,
Tatu binti Uledi